Stempu, Barua na Vijana wa Mbulu na Hanang

Taifa huhifadhi kumbukumbu zake mahali pengi. Huzihifadhi katika ngoma na nyimbo, katika makaburi ya wazee, katika majina ya milima na mito, na katika majalada ya serikali. Lakini ipo kumbukumbu nyingine, ndogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba, ambayo imepita mikononi mwa wengi wetu bila kutazamwa mara mbili. Hiyo ni stempu ya posta. Katika makala haya tumekusudia kueleza asili ya stempu katika nchi zetu, yale inayoweza kutufundisha juu ya historia yetu, na sababu zinazotufanya tuamini kuwa inafaa vijana wa wilaya za Mbulu na Hanang waandaliwe maonyesho ya stempu na barua.

Yamkini msomaji atauliza: Je, kukusanya stempu si mchezo wa watu wa Ulaya wenye nafasi na fedha za kuchezea? Swali hili si baya, wala hatuna nia ya kulikwepa. Ni kweli kwamba mchezo huu ulianza huko. Lakini stempu zilizobandikwa juu ya barua za baba zetu ni zetu. Tukiwaachia wengine wazikusanye na kuzieleza, tutakuwa tumewaachia waisome historia yetu kwa niaba yetu.

Asili ya Stempu

Kutuma habari ni jambo la kale kuliko stempu. Watu wa pwani yetu waliandikiana barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu karne nyingi zilizopita, na barua hizo zilichukuliwa na manahodha, wafanyabiashara na jamaa waliosafiri. Huku bara habari zilikwenda kwa mdomo wa mjumbe. Baadaye walikuja matarishi, watu wenye miguu myepesi waliobeba mifuko ya barua kutoka boma hadi boma.

Stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwa gundi ilitolewa nchini Uingereza mwezi Mei mwaka 1840, ikiwa na kichwa cha Malkia Victoria. Kabla ya hapo, aghalabu aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na malipo yalitegemea umbali. Maskini wengi walizikataa barua zao kwa kukosa fedha. Rowland Hill alishauri kwamba mtumaji alipe kwanza, alipe kidogo, na malipo yawe sawa kwa umbali wowote ndani ya nchi. Stempu ikawa ushahidi kwamba malipo yamekwisha kufanyika. Tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikatia sahihi mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani. Tangu hapo barua iliyobandikwa stempu ya nchi moja iliweza kupokewa katika nchi nyingine. Tarehe hiyo ya 9 Oktoba ndiyo Siku ya Posta Duniani, na tutairudia mbele.

Stempu Katika Nchi Zetu

Mtu akizipanga stempu za nchi zetu kwa mfuatano wa miaka, atakuwa ameipanga historia ya utawala wa nchi hizi mbele ya macho yake.

Unguja ilitangulia. Posta ya huko iliendeshwa kwanza na Serikali ya India, na stempu zilizotumika zilikuwa za India. Mwaka 1895 stempu hizo za India zilipigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake, na mwaka 1896 zikatoka stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Huku Tanganyika, Wajerumani walianza mwaka 1893 kwa kuzipiga chapa stempu za kwao ili zionyeshe thamani ya pesa, maana rupia moja ilikuwa pesa 64. Kisha wakaleta stempu zenye picha ya merikebu ya mfalme wao. Na tulitafakari jambo hili. Mtu wa nyanda za juu za Mbulu, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alitakiwa kuamini kuwa chombo kile cha Kaisari ndicho alama ya nchi yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilibadili utawala, na stempu nazo zikabadilika. Mwaka 1917 Waingereza walizichukua stempu za Afrika Mashariki na Uganda, zenye sura ya Mfalme George wa Tano, wakazipiga herufi G.E.A., yaani ufupisho wa jina la koloni walilolinyang'anya kwa Wajerumani. Mwaka 1922 zikatoka stempu zenye jina la Tanganyika na kichwa cha twiga. Stempu hizo zinapendwa hadi leo, kwani twiga alichukua mahali ambapo watawala walizoea kuweka sura ya mfalme. Hata hivyo mfalme alirudi mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilijitawala. Stempu za siku ile ziliandikwa neno moja la Kiswahili ambalo halikuhitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote: Uhuru. Ndani yake hamkuwa na mfalme wala malkia. Alikuwamo mwalimu pamoja na wanafunzi wake, muuguzi na mtoto, mchumaji wa kahawa, na bendera mpya. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida alikaa mahali palipokuwa pa wafalme.

Kule Unguja, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, hapakuwa na muda wa kuagiza stempu mpya. Stempu zilizokuwapo, zenye sura ya Sultani, ziligongwa kwa mkono maneno "Jamhuri 1964". Nyingine ziligongwa upande, nyingine juu chini, nyingine wino ukafifia. Wakusanyaji wa dunia nzima huzitafuta kwa sababu ya kasoro hizo. Sisi tunaona kuwa thamani yake kubwa ni nyingine: zinaonyesha haraka ya siku zile, na mikono ya makarani walioambiwa waibadili serikali kwa muhuri wa wino.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili ziliungana, na stempu za mwezi Julai mwaka huo zikaitangaza Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kwa kuwa jina la Tanzania lilikuwa bado halijapatikana. Katika stempu za mwaka 1965 lilikuwamo fuvu la Zinjanthropus, lililofukuliwa mwaka 1959 katika bonde la Olduvai. Bonde hilo liko jirani na nchi ya Mbulu. Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hadi stempu za Tanzania zilipoanza kutumika huko tarehe 1 Januari 1968. Wakati huohuo nchi tatu za Afrika Mashariki zilitoa stempu za ukumbusho kwa pamoja, na mpangilio wa majina ya nchi ulibadilishwa kwa zamu ili pasiwe na nchi inayotangulia daima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, stempu hizo zilikoma. Mtoto anayezipanga anaweza kuuona umoja ule ukizaliwa na ukifa, bila kuambiwa na mtu.

Baada ya hapo Posta na Simu viliendeshwa na shirika moja la nchi yetu, hadi vilipotenganishwa na Shirika la Posta Tanzania kuanza kazi tarehe 1 Januari 1994. Wengi wetu tulikua na stempu za matumizi ya kila siku zilizofuatana katika miaka ile: samaki kuanzia mwaka 1967, vipepeo kuanzia mwaka 1973, na wanyama kuanzia mwaka 1980. Hatuna budi kusema pia kwamba tangu miaka ya 1980 zilichapwa kwa jina la nchi yetu stempu nyingi zilizokusudiwa wanunuzi wa ng'ambo, zenye picha zisizohusiana na maisha yetu. Hizo ni shida kuziona juu ya barua iliyosafiri kweli. Kijana afundishwe kuzitofautisha. Stempu iliyokwenda moja kwa moja katika albamu ni bidhaa, lakini stempu iliyobeba barua ni shahidi.

Barua Chini ya Mlima Hanang

Wilaya hizi mbili zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Ni nchi yenye jambo ambalo ni adimu katika Afrika nzima. Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na majirani zao Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za asili nne mbalimbali zisizo na undugu wa karibu. Mwiraqw hamwelewi Mdatoga kwa lugha ya mama yake, na wote wawili hawamwelewi Mhadzabe wa Yaeda. Barua ndiyo iliyokuwa mahali pao pa kukutania, maana barua iliandikwa kwa Kiswahili. Mtu aliyezungumza Kiiraqw nyumbani, alipokaa chini kumwandikia mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam, alianza kwa "Baada ya salamu". Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliwapa wazee wengi uwezo wa kufanya hivyo kwa mkono wao wenyewe, badala ya kumbembeleza mwanafunzi wa jirani awaandikie siri zao.

Barua haikufika mlangoni. Ilifika kwenye sanduku la posta la shule, la misheni, la hospitali, la duka au la ofisi ya serikali, na bahasha iliandikwa kuwa ifike kwa mkono wa mwalimu fulani au karani fulani. Kutoka hapo ilipewa mtu anayekwenda mnadani, naye alimpa mwingine, mpaka ikafika bomani kwa mwenyewe. Bahasha moja iliweza kubeba majina matatu. Majina hayo ni ramani ya uaminifu wa watu wale, na hakuna jalada la serikali lililoiandika.

Vilevile ni kwa stempu kwamba watu wa huku walisikika nchini. Kadi za salamu zilitumwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtu wa Dongobesh au Katesh alikaa karibu na redio akingoja jina lake. Sisi watunzi wa mashairi tulipeleka beti zetu magazetini kwa njia hiyohiyo, tukangoja majuma mengi kujua kama mhariri amezipokea au amezitupa.

Kosa Letu

Tunaomba ruhusa ya kueleza jambo lililotupata wenyewe, kwa kuwa ndilo chimbuko la makala haya.

Mwaka 1982, tulipokuwa shule ya msingi, kaka yetu mkubwa aliondoka nyumbani kwa lori kwenda kutafuta kazi. Baada ya miezi mingi ilifika barua yake moja. Alisema kuwa ni mzima, amepata kazi, na kwamba anwani yake ataileta katika barua itakayofuata. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika sanduku lake la bati. Bahasha aliiacha juu ya meza.

Wakati huo tulikuwa tunakusanya stempu katika daftari la hesabu. Juu ya bahasha ile palikuwa na stempu yenye picha ya swala pala, tusiyokuwa nayo. Tuliikata kwa wembe, tukailoweka, tukaikausha na kuibandika kwa uji wa unga. Bahasha iliyobaki iliwashia moto jikoni.

Barua ya pili haikuja. Mwaka mmoja ulipopita, baba aliamua kwenda kumtafuta, naye akauliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza: Ile barua ilipigwa muhuri wa posta ya wapi? Tulileta daftari. Juu ya stempu ilibaki nusu ya duara ya muhuri, na ndani yake herufi mbili za mwisho: GA. Tanga ni GA. Iringa ni GA. Shinyanga ni GA. Sumbawanga nayo ni GA. Baba alikwenda Tanga, kwa sababu vijana wengi walikwenda huko katika mashamba ya katani, akarudi peke yake. Hakutupiga wala hakutukaripia. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kuuliza, kila mara mgeni alipotoka mbali, kama huko atokako jina la mji huishia hivyo.

Stempu hiyo tunayo hadi leo. Kwa bei ya soko haina thamani hata ya kununulia andazi. Lakini imetufundisha kwamba stempu, muhuri na bahasha ni kitu kimoja, na kwamba anayevitenganisha huenda akakata kile ambacho mwenziwe atakitafuta maisha yake yote.

Maonyesho Yanavyofaa Kuandaliwa

Tukitoka hapo, tunapendekeza maonyesho ya vijana yafanywe kwa zamu, mwaka mmoja Mbulu na mwaka unaofuata Katesh. Wakati unaofaa ni juma lenye tarehe 9 Oktoba. Darasa la saba wamekwisha kufanya mtihani wao, mvua hazijaharibu barabara, na Siku ya Posta Duniani huwapa maofisa wa posta sababu ya kushiriki. Yapo pia mashindano ya kuandika barua ambayo Umoja wa Posta Duniani umewaandalia vijana tangu mwaka 1971. Maonyesho yetu yanaweza kuwa mahali pa kuwatayarisha washindani.

Kazi ianze miezi sita kabla. Kila shule ichague mwalimu mmoja mlezi, naye awafundishe watoto kanuni ya kwanza: usikate, usibandue. Bahasha nzima ibaki nzima. Kama stempu imekwisha kukatwa zamani, na karatasi imeganda nyuma yake, hiyo iloweshwe katika maji safi ya baridi, ilazwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, na ikandamizwe kwa kitabu kizito. Gazeti lisitumike, kwa kuwa wino wake huhamia. Stempu ishikwe kwa kibano, isishikwe kwa vidole vyenye jasho. Gundi, uji na selotepu ni maadui. Jua nalo ni adui, kwani hufifisha rangi, na mchwa wa nchi yetu hauhitaji kuelezwa.

Kanuni ya pili ni adabu. Barua ni mali ya aliyeandikiwa, na maneno yake ni siri yake. Mtoto asichukue kitu katika sanduku la bibi bila idhini, na maonyeshoni ionyeshwe bahasha, si barua, isipokuwa mwenyewe ameridhia. Mzee akikubali kuja kueleza bahasha yake kwa mdomo, apewe kiti cha mbele na muda wa kutosha, na mwanafunzi aandike anayoyasema.

Katika maonyesho ya kimataifa fremu moja ya kawaida huchukua kurasa 16. Vijana wa sekondari wanaweza kupewa kipimo hicho, na wale wa shule za msingi nusu yake. Kila kazi iwe na kichwa na hoja, isiwe rundo la picha. Mmoja aonyeshe jinsi jina la nchi lilivyobadilika juu ya stempu. Mwingine aonyeshe wanyama, na aseme ni wapi kati yao bado wanaonekana wilayani mwake. Wa tatu akusanye mihuri ya posta za mkoa. Wa nne aonyeshe safari ya bahasha za ukoo mmoja. Waamuzi watoe alama kwa maelezo na usahihi, si kwa uchache au bei ya stempu. La sivyo, mtoto wa mwenye duka atamshinda daima mtoto wa mchungaji wa ng'ombe.

Vyombo si lazima vinunuliwe. Mbao laini za matangazo, kamba, vibanio vya nguo na madawati ya shule vinatosha. Kuwe na meza ya kubadilishana stempu, iliyo chini ya mwalimu ili wadogo wasipunjwe na wakubwa. Kuwe na meza ya kuandika barua, na sanduku la posta karibu nayo, ili kila kijana aondoke akiwa ametuma barua moja ya kweli kwa mtu wa kweli. Pasiwe na ahadi za utajiri. Stempu nyingi za kawaida bei yake ni ndogo, na mtoto aliyedanganywa juu ya fedha huutupa mkusanyo wake siku anapoambiwa ukweli. Na watoto wa Kihadzabe na wa Kidatoga, ambao shule zao ziko mbali, wapangiwe usafiri kabla ya wengine wote. Maonyesho yasiyokuwa na hao hayatakuwa ya wilaya hizi.

Haraka ya Jambo Hili

Leo kijana hutuma habari kwa simu, nayo hufika kabla hajairudisha simu mfukoni. Hatuoni sababu ya kulilaumu jambo hilo. Laiti kaka yetu angekuwa nayo. Lakini kwa sababu hiyo bahasha mpya haziongezeki, na zile za zamani zinapungua kila mwaka. Mchwa unazila, wajukuu wanazichoma wanaposafisha nyumba, na mara nyingine nchi yenyewe inazichukua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha yao. Mbele ya msiba wa namna ile, karatasi si kitu. Hata hivyo, ambaye amempoteza mtu wake pamoja na nyumba yake anajua uzito wa kukosa hata mwandiko wake.

Tarehe 18 Januari 1980 Umoja wa Posta Afrika uliundwa mjini Arusha, na makao yake makuu yako huko hadi sasa. Bara zima linaleta mambo yake ya posta katika mji ambao watu wa Mbulu na Hanang huufikia kwa basi la siku moja. Itakuwa ajabu kama watoto wa majirani wa mji huo watakua bila kujua stempu ni kitu gani.

Kwa hiyo tunawaomba walimu, maofisa utamaduni na wazazi wa wilaya hizi waanze na jambo moja dogo, lisilohitaji bajeti wala kibali. Jioni ya leo mtoto na amwombe mzee wake wafungue pamoja sanduku la barua za zamani. Asikate chochote. Ageuze kila bahasha kuielekea taa, asome muhuri herufi kwa herufi, na aandike katika daftari jina la mji na tarehe, kabla wino haujafutika.